Pete Seeger: Santuri Zake na Swali la Uimbaji wa Usharika

Mwanafunzi wa theolojia anapojifunza historia ya muziki wa Kanisa hukutana na Luther, na Paul Gerhardt, na Bach, kisha hufika kwa wamisionari waliotafsiri nyimbo za Kijerumani kwa Kiswahili. Jina la Pete Seeger halimo katika orodha hiyo, wala hatudai kwamba ni lazima liwemo. Seeger alikuwa mwimbaji wa nyimbo za jadi za Marekani, mtu ambaye kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakujihesabu kuwa mwana wa Kanisa lo lote, na ambaye aliwahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti. Hata hivyo, nyimbo mbili alizozieneza zimeimbwa makanisani katika nchi nyingi. Moja ni sehemu ya sura ya tatu ya kitabu cha Mhubiri iliyotiwa tuni, na nyingine asili yake ni katika uimbaji wa Wakristo Weusi wa Marekani. Kwa sababu hiyo twaona inafaa kuzipima santuri zake kwa kipimo chetu, tukiuliza swali ambalo mchungaji ye yote hukutana nalo kila Jumapili: ni nani hasa anayeimba katika mkutano wa watu, na wimbo ni mali ya nani?

Seeger alizaliwa New York tarehe 3 Mei 1919. Baba yake, Charles Seeger, alikuwa mtaalamu wa elimu ya muziki, na mama yake alikuwa mpiga fidla. Aliacha masomo katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1938, akapata kazi chini ya Alan Lomax katika hifadhi ya nyimbo za jadi ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Huko kazi yake ilikuwa kusikiliza: santuri moja baada ya nyingine za wakulima, wafungwa, wachimba migodi na wahubiri wa vijijini. Jambo hili tusilipite haraka. Mwimbaji huyu hakuzirithi nyimbo hizo nyumbani wala kijijini. Alizipata kwa kuzisoma, kama vile mwanafunzi wetu anavyoipata Kiebrania. Chombo chake, banjo, asili yake ni vyombo vya Afrika vilivyokumbukwa na kutengenezwa upya na watumwa. Naye aliirefusha shingo yake kwa nafasi tatu ili aweze kupiga kwa sauti za chini zaidi zinazowafaa watu wa kawaida wanapoimba. Tangu mwanzo, basi, hata chombo alikitengeneza kwa ajili ya waitikiaji.

Santuri zake za kwanza, alizozirekodi pamoja na kundi la Almanac Singers, zina mkasa ambao mhubiri ye yote anayependa kuisema siasa mimbarani angefaa kuujua. Mwaka 1941 kundi hilo lilitoa mkusanyo ulioitwa Songs for John Doe, uliompinga Rais Roosevelt na uandikishaji wa vijana jeshini. Huo ndio uliokuwa msimamo wa Wakomunisti wakati ambapo Ujerumani na Urusi zilikuwa na mapatano. Mwezi Juni mwaka huo huo Hitler aliishambulia Urusi, na mkusanyo ule ukaondolewa sokoni. Mwaka 1942 waimbaji wale wale walitoa mwingine, Dear Mr. President, wa kuiunga mkono vita. Hatuoni haja ya kumhukumu kijana wa miaka 22 kwa ukali. Vijana wengi wa wakati ule walidhani wanaona Ufalme unakuja kutoka Moscow. Lakini kwa upande wa sanaa hukumu ni rahisi. Nyimbo za mkusanyo ule wa kwanza ni dhaifu kwa kuwa ziliandikiwa neno lililotolewa na wengine, na neno hilo lilipobadilika zikabaki hazina mwenyewe. Mwaka 1941 huo huo kundi lilitoa nyimbo za vyama vya wafanyakazi, nazo bado zinasikilizika, kwa sababu wafanyakazi walikuwapo kweli. Seeger alikiacha chama mwishoni mwa miaka ya 1940, na katika uzee wake aliomba radhi kwa maandishi kwa kuchelewa kuuona ukatili wa Stalin.

Kundi lililomfanya ajulikane ni The Weavers, lililoundwa mwishoni mwa 1948. Mwaka 1950 santuri yao ya Goodnight, Irene, iliyotolewa na kampuni ya Decca, ilishika nafasi ya kwanza nchini Marekani kwa muda wa wiki 13. Wimbo huo waliupata kwa Lead Belly, mwimbaji Mweusi aliyewahi kuwa mfungwa, ambaye alikuwa amefariki Desemba 1949 bila kuonja mafanikio hayo. Tukizisikiliza santuri hizo za Decca leo, twasikia vinanda na kwaya za studio zikimwagwa juu ya waimbaji wanne kama sukari juu ya ugali. Kilichokuwa kikali katika sauti ya Lead Belly kimelainishwa ili kipite mlangoni. Seeger mwenyewe alijua kasoro hiyo, na hatudhani kwamba aliisikitikia sana ulipofika mwisho wake, ingawa mwisho wenyewe ulikuwa wa dhuluma: kundi lilitajwa kuwa la Wakomunisti, redio na kumbi zikalikataa, na likavunjika mwaka 1952.

Tarehe 18 Agosti 1955 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikichunguza watu waliodhaniwa kuwa adui wa taifa. Wengi walioitwa walijikinga kwa kifungu cha katiba kinachomruhusu mtu asijishuhudie mwenyewe. Seeger hakukitumia. Alisema kwamba hakuna Mmarekani anayepaswa kuulizwa na serikali kuhusu imani yake, siasa yake au watu anaoshirikiana nao, lakini kwamba yuko tayari kuzungumza juu ya nyimbo zake. Mwaka 1961 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa kila shitaka kati ya mashitaka kumi, vyote vitumikiwe pamoja, na mwaka 1962 mahakama ya rufani ikaifuta hukumu hiyo. Msomaji wa Matendo ya Mitume 4 atatambua namna ya kesi hii, ingawa tusiwafananishe washtakiwa kupita kiasi.

Miaka hiyo ya kufungiwa milango, kwa maoni yetu, ndiyo iliyozaa kazi yake iliyo bora. Televisheni ilimkataa, lakini Moses Asch, mwenye kampuni ndogo ya Folkways, hakumkataa. Asch alikuwa na desturi ya ajabu kwa mfanyabiashara: hakuifuta santuri yo yote katika orodha yake, hata kama ilinunuliwa na watu wachache sana. Alirekodi kwa kipaza sauti kimoja, bila mapambo. Seeger alimrekodia makumi ya santuri, zikiwemo nyimbo za watoto (1953) na mfululizo wa juzuu tano wa nyimbo zinazopendwa za Marekani, ulioanza 1957. Wakati huo huo alizunguka shuleni, vyuoni na katika kambi za watoto kwa malipo kidogo. Mwaka 1958 alijiondoa katika The Weavers, waliokuwa wamekutana tena, baada ya wenzake kukubali kuimba tangazo la sigara.

Si kila santuri ya Folkways ni nzuri. Nyingine zilirekodiwa upesi mno, na katika nyimbo za kazi za wafungwa Seeger husikika kama alivyo, yaani kijana wa wasomi mwenye sauti safi na nyembamba. Mtu akizisikia nyimbo hizo kwa Odetta au kwa Lead Belly mwenyewe, atatambua mara moja ni uzito gani unaokosekana. Lakini sauti hiyo nyembamba ina faida moja ambayo sauti kubwa hazina: inaacha nafasi. Msikilizaji hasemi moyoni, “Siwezi kuimba hivyo.” Anasema, “Hilo hata mimi naliweza,” na akaanza. Katika santuri za watoto hasa, mistari imeachwa wazi makusudi, mwendo ni wa mtu anayetembea, na wimbo hauna tamati ya kushangiliwa.

Jambo hilo lilifikia kilele tarehe 8 Juni 1963 katika ukumbi wa Carnegie, New York. Onyesho la usiku huo lilirekodiwa na kampuni ya Columbia na kutolewa mwaka huo huo kwa jina la We Shall Overcome. Harakati za haki za watu Weusi zilikuwa zimepamba moto. Siku nne baadaye Medgar Evers aliuawa nje ya nyumba yake huko Mississippi. Seeger alikuwa amerudi kutoka Kusini, alikojifunza nyimbo za wanafunzi waliokuwa wakitiwa magerezani, na nyingi kati ya hizo zilikuwa nyimbo za ibada zilizobadilishwa maneno machache. Angalia anavyozifundisha. Hatoi maelezo marefu. Hutaja maneno ya mstari unaofuata kabla tu haujafika, kwa sauti ya kusema, kisha huuacha ukumbi uimbe, huku yeye akipanda juu au kushuka chini kutafuta sauti ya pili. Hii ndiyo desturi ya kale ya kutaja mstari iliyotumika katika makanisa ya Uingereza katika karne ya 17, ikahifadhiwa na makanisa ya Weusi wa Marekani. Na mwinjilisti ye yote aliyewahi kuongoza ibada penye kitabu kimoja cha nyimbo na watu mia moja anaifahamu bila kufundishwa. Katika dakika bora za santuri hiyo, mwimbaji aliyelipiwa kiingilio karibu hasikiki.

Wimbo ulioipa santuri hiyo jina una historia ndefu. Kwa kawaida huhusishwa na wimbo wa Charles Albert Tindley, mchungaji Mmethodisti Mweusi wa Philadelphia, uliochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, ingawa tuni zao hazifanani. Wafanyakazi wa kiwanda cha tumbaku huko Charleston waliuimba katika mgomo wa 1945 na 1946. Zilphia Horton wa shule ya Highlander, Tennessee, akaupokea kwao, akamfundisha Seeger mwaka 1947. Guy Carawan aliuongoza mbele ya wanafunzi waliokutana Raleigh Aprili 1960, na tangu hapo ukawa wimbo wa harakati nzima. Mwanatheolojia atapendezwa na mabadiliko ya nafsi. Muumini wa Tindley husema “mimi”, wimbo wa wagomaji na wanafunzi husema “sisi.” Wengine wameona hapo hasara, kana kwamba wokovu wa mtu mmoja umebadilishwa kuwa siasa ya kundi. Hatukubaliani nao. Zaburi hupita kutoka “mimi” hadi “sisi” na kurudi bila kuomba ruhusa, na watu waliokuwa wakiandamana mbele ya mbwa wa polisi walikuwa na haki ya kuimba kwa wingi.

Wimbo uliandikishwa hakimiliki katika miaka ya 1960 kwa majina ya Horton, Carawan, Frank Hamilton na Seeger. Walisema walifanya hivyo ili wafanyabiashara wasiunyakue, na mapato yake yalipelekwa katika mfuko wa kusaidia jamii za Weusi wa Kusini. Mwaka 2018, baada ya kesi, wenye hakimiliki walikubali wimbo uwe mali ya watu wote. Nia yao ya kwanza ilikuwa njema, nasi hatuitilii shaka. Lakini lilikuwa jambo geni kwamba wimbo wa wavuja jasho wa Charleston ulihitaji kibali kwa miaka zaidi ya hamsini.

Sasa tuje kwenye Mhubiri. Wimbo wa Turn! Turn! Turn!, ambao Seeger aliutunga mwishoni mwa miaka ya 1950, akaurekodi katika santuri ya The Bitter and the Sweet (1962), na ambao kundi la The Byrds liliufikisha nafasi ya kwanza Desemba 1965, ni Mhubiri 3:1-8 katika tafsiri ya Kiingereza ya King James, karibu neno kwa neno. Seeger alibadili mpangilio wa jozi za nyakati, akaongeza kiitikio, na mwishoni akaweka maneno machache yake mwenyewe yanayoapa kwamba wakati wa amani haujapita bado. Tuni yake ni rahisi, na inazunguka kama maneno yenyewe yanavyozunguka; kwa upande huo ni ufafanuzi mzuri wa maandiko kuliko mahubiri mengi tuliyoyasikia.

Tatizo liko mahali alipokoma. Katika aya nane za kwanza za sura hiyo Mungu hatajwi kwa jina. Anatajwa kuanzia aya ya 10, baada ya Mhubiri kuuliza katika aya ya 9 mtu anapata faida gani katika taabu yake. Na aya ya 11 inasema kwamba uzuri wa kila jambo kwa wakati wake ni kazi ya Mungu, ambayo mwanadamu hawezi kuifahamu mwanzo wala mwisho. Luther, aliyefundisha kitabu hiki huko Wittenberg mwaka 1526, aliielewa sura hiyo kuwa inatunyima jambo tunalolitamani sana, yaani kuzishika saa mikononi mwetu. Tunafanya kazi tuliyopewa, lakini wakati ni wa Mungu. Seeger amezichukua jozi hizo za mtu mwenye hekima anayekubali mipaka, akazitia mwishoni kiapo cha mtu anayedai amani sasa. Amemgeuza Mhubiri kuwa nabii.

Je, amekosa? Kama mfafanuzi, ndiyo, na mwanafunzi akituletea ufafanuzi wa namna hiyo katika mtihani tutampunguzia alama. Kama mtunzi wa wimbo katika miaka ya silaha za nyuklia, tunasita. Isaya na Mhubiri wamo katika kanuni moja ya Biblia, na wakati mwingine mtu huhitaji kumsikia mmoja akiwa na mwenzake pembeni. Tunachokataa ni kuuleta wimbo huo kwenye ibada kana kwamba umesema yote yaliyomo katika sura. Mchungaji anayetaka kuutumia na asome aya ya 9 hadi ya 15 mara baada ya kuimba.

Jambo zito kuliko hilo ni habari ya Mbube. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu aliyefanya kazi katika kampuni ya Gallo huko Johannesburg, alirekodi na kundi lake wimbo huo, ambao jina lake maana yake ni simba. Aliuuza kwa malipo madogo ya mara moja. Miaka kumi hivi baadaye Alan Lomax alimpa Seeger santuri hiyo. Seeger aliisikiliza akaandika kile alichodhani anakisikia, na The Weavers wakaueneza wimbo kwa jina la Wimoweh. Neno hilo halina maana katika lugha yo yote. Linda na wenzake walikuwa wakiimba sentensi ya Kizulu, wakimwambia simba kwamba yeye ni simba, na kila msemaji wa lugha ya Kibantu, akielezwa, ataitambua nafsi ya pili iliyo mwanzoni mwake. Kwa hiyo sentensi ya mtu iligeuzwa kuwa mlio. Karatasi za hakimiliki zilimtaja mtunzi aitwaye Paul Campbell, jina la bandia la The Weavers wenyewe. Mwaka 1961 wimbo huo huo ulitiwa maneno mapya ya Kiingereza ukawa The Lion Sleeps Tonight, ukaleta fedha nyingi kwa wengine. Linda alikufa maskini mwaka 1962, na warithi wake walipata mapatano ya malipo mwaka 2006 tu, baada ya kesi.

Seeger hakuwa mwizi. Alipojua kwamba wimbo una mtunzi aliye hai, alimtumia dola 1,000, akaagiza malipo yaliyomhusu yeye yapelekwe kwa Linda, na baadaye alikiri hadharani kwamba hakulifuatilia jambo hilo inavyopasa. Wengi walionufaika zaidi hawakufanya hata hivyo. Lakini kosa lilianza kabla ya fedha, lilipoaminiwa neno “jadi.” Mtu aliyelelewa katika hifadhi ya Maktaba ya Bunge alidhani kwamba wimbo wa Afrika ni wimbo wa watu wote wa Afrika, hauna mwenyewe. Upendo wake kwa “watu” ulimzuia asimwone mtu.

Sisi tulio katika vyuo vya theolojia hatuwezi kulisema hilo kwa sauti kubwa mno. Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha Makumira, alikusanya tuni za makabila yetu na kuzitia katika uimbaji wa ibada, kazi ambayo Kanisa linamshukuru kwayo. Wimbo wa Pasaka Mfurahini, Haleluya, wenye maneno ya Mchungaji Bernard Kyamanywa, leo umo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani. Mwandishi wa maneno ametajwa, mfasiri ametajwa; tuni imeandikwa kuwa ya jadi ya Tanzania. Huenda ni sawa kabisa. Hata Luther, alipotoa wimbo wake wa Noeli Vom Himmel hoch mwaka 1535, alitumia tuni ya wimbo wa mtaani, na hakuna aliyemwuliza mwenyewe ni nani. Lakini kila mara tunapoandika “jadi” chini ya tuni, ingefaa mtu awe amekwenda kijijini kuuliza kwanza. Kwaya zetu zinazorekodi na kuuza nyimbo zina wajibu huo huo, na zina hatari nyingine ambayo Seeger aliiepuka vizuri kuliko zinavyoiepuka: kwaya ikishazoea kurekodi, huja kanisani na wimbo uliokamilika, na usharika unabaki kupiga makofi.

Santuri zake za uzeeni tutazitaja kwa ufupi. Kufikia miaka ya 1990 sauti ilikuwa imekwisha. Santuri iitwayo Pete (1996), iliyopata tuzo ya Grammy, ameitengeneza pamoja na kwaya kadhaa, naye mara nyingi anasema maneno tu na kuziachia ziimbe. Ile ya At 89 (2008), iliyopata tuzo pia, ina vipande vingi vilivyo kama mazungumzo ya babu. Alifariki New York tarehe 27 Januari 2014, akiwa na miaka 94. Mwalimu wa muziki wa Kanisa atakayetaka kuwasikilizisha wanafunzi kitu kimoja tu na aichague rekodi ya Carnegie ya 1963, lakini asichukue santuri ya kwanza, ambayo ina sehemu tu ya onyesho. Atafute toleo kamili lililotoka mwaka 1989, maana humo ndimo zilimobaki dakika ambazo Seeger anawafundisha watu wimbo wasioujua.